Itale Chini, Jeusi Juu

Nilivunja jiwe la mama la kusagia kwa nyundo ya fundi baiskeli, mchana kweupe, mbele ya darasa zima, na nikapewa kumi juu ya kumi. Naanza na hilo kwa sababu nikiliweka katikati mtasema nimelificha, na nikiliweka mwisho mtakuwa mmeshaanza kunipenda.

Wala haikuwa bahati mbaya. Jiwe lilikuwa gumu, nililipiga mara nne. Kati ya pigo la pili na la tatu kuna sauti iliniambia ndani kwa ndani, "Wewe, hilo ni la mama yako." Nikaiambia isubiri zamu yake.

Sasa niko kidato cha pili, nina akili kidogo. Wakati ule nilikuwa darasa la saba, nyumbani upande wa Tinde, na mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imelala tangu kabla ya Krismasi kwa kukosa dizeli. Kuku walikuwa wanatagia kwenye mdomo wake. Kwa hiyo nyumba zote zilikuwa zimerudi kwenye mawe, na asubuhi ukipita njiani ulisikia kila ua unakwaruza.

Mawe ya kusagia ni mawili. La chini ni pana, limebonyea katikati, na la kwetu lilikuwa itale la kijivu ambalo babu aliliviringisha kutoka kilimani kabla baba hajazaliwa. La juu ni la kushika kwa mikono miwili, umbo la mkate, na la kwetu lilikuwa jeusi tii, laini kama kisigino cha mtu anayevaa soksi. Hilo mama alikuja nalo siku alipoolewa, kutoka kwao, upande wa Geita, limefungwa ndani ya mkeka. Kwa akina mama wa kwao binti haendi kwa mume bila jiwe la mkono. La chini atalikuta huko anakokwenda, la juu anakwenda nalo. Na halikopeshwi. Mwanamke mwenzako akitaka kusaga, anakuja anasaga hapo hapo. Jiwe halitoki uani.

Mimi nilijua yote hayo, na bado nililitoa uani ndani ya mfuko wa daftari.

Kosa lilianzia kwenye jiografia. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyetoka chuoni na viatu vya raizoni, vile vya soli ndefu, akitembea kwenye matope yetu kama korongo. Alitufundisha miamba ya moto, ile iliyokuwa uji wa mawe chini ya ardhi kisha ikapoa. Akasema kesho kila mmoja alete aina mbili, azilinganishe mbele ya wenzake.

"Itale mtalipata hata mkifumba macho," alisema. "La pili, yaani basalti, simlazimishi mtu. Huku kwenu Mungu alimwaga itale mpaka akaishiwa."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu basalti ipo."

"Kwenu wapi?"

"Nyumbani. Tena ina kazi ya kudumu."

Darasa likacheka, na mimi nikishachekewa siwezi kurudi nyuma. Huo ndio ugonjwa wangu.

Kesho yake wenzangu walileta itale na itale. Mmoja alileta itale na kipande cha tofali la kuchoma, mwingine itale na mavi ya fisi yaliyokauka, akiapa kuwa ni jiwe. Nilipotoa langu, mwalimu aliinama mpaka tai yake ikagusa meza. Akaligeuzageuza, akasema limelainika mno kwa nje, chembe hazionekani. "Linahitaji uso mpya. Gonga ukingoni, kidogo tu."

Ukingoni, alisema. Nimemtetea mwalimu huyu mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu baba alitaka kumfuata na fimbo. Mimi ndiye niliyeona ukingoni hapatoshi, watu wa nyuma hawataona. Nikalilaza juu ya kizingiti, nikapiga katikati.

Lilipokubali, lilikubali vipande viwili sawasawa, na ndani lilikuwa jeusi lenye kijani kwa mbali, halina hata punje moja ya kuhesabu. Nikashika itale mkono wa kushoto na nusu ya jiwe la mama mkono wa kulia, nikawaambia wenzangu: "Hili la kijivu ni makande. Ukitazama unaona hindi, unaona haragwe, kila mmoja na lake. Lilipoa taratibu chini ya ardhi, chembe zikapata muda wa kunenepa. Hili jeusi ni uji. Lilipoa haraka, chembe zikadumaa, huwezi kumjua nani ni nani."

Mwalimu alifurahi. Akasema huenda si basalti hasa, huenda ni doleriti, ndugu yake aliyeishia njiani bila kufika juu, lakini kitabu chetu hakimjui ndugu huyo, tuandike basalti. Akaandika kumi juu ya kumi kwa wino mwekundu. Kisha akaliangalia tena lile jiwe, upande ule uliolika kwa mikono ya watu.

"Hiki kitu kilikuwa kinafanya kazi gani?"

"Kusaga, mwalimu."

"Mama yako anajua kuwa kipo hapa?"

"Atajua jioni."

Akafunga kalamu yake. "Alama sizifuti, umezipata kihalali," alisema. "Mengine nenda ukayamalize kwenu."

Mama alikuwa uani, mtama umeanikwa kwenye turubai, anafukuza mbuzi. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, yenye utani mwanzoni na toba mwishoni. Aliponiona na vile vipande sikupata hata kuyaanza. Alivipokea, akaviunganisha, vikashikana vizuri kabisa, akaviachanisha. Akaviweka chini ya ghala. Kisha akavuta kinu, akamimina mtama, akaanza kutwanga.

Hakusema neno lolote kuhusu jiwe. Si siku ile wala siku zilizofuata. Aliniambia kafunge ndama, njoo ule, funga mlango mvua inaingia. Mama yangu si mtu wa kunyamaza. Akipoteza kijiko mnasikia mpaka barabarani. Ningepigwa ningejua pa kuanzia.

Baba ndiye aliyenieleza nilichofanya. Kwetu watu wanapalilia pamba kwa kundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kwa zamu. Mwenye shamba kazi yake ni kuwalisha, na wanalishwa ugali wa kushiba, maana watu thelathini wenye majembe hawali uji. Zamu yetu ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Unga wa kinu ni chenga," alisema baba. "Ugali wake unasambaa mkononi. Kundi likifika halina cha kula, linaondoka, na sisi tunarudi mwisho wa mstari. Mpaka zamu irudi, ile pamba utaitafuta kwa tochi ndani ya majani. Sasa wewe uliyepata kumi, nipe jibu."

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa la kijinga. Nilikata mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nikazifunga zile nusu mbili kama mtu anavyofunga mguu wa mbuzi uliovunjika. Nikajaribu kusaga. Mara ya tatu kusukuma, nusu ya mbele ilikwenda na nusu ya nyuma ikabaki na ngozi ya kidole changu.

Ijumaa nikapanda kilimani nyuma ya nyumba. Niliwaza hivi: la chini ni itale na limedumu tangu enzi za babu, basi itale ni gumu, nitafute la juu la itale. Nikalipata lenye kukaa mkononi, nikalichonga siku nzima kwa kipande cha chuma cha reli, nikasaga mtama wa chakula cha jioni mimi mwenyewe, kwa siri, mdogo wangu wa kike akiwa mlinzi. Unga ulitoka. Nikajiona fundi.

Baba aliweka tonge la kwanza mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna. Alitoa kitu kwenye ulimi, akakiweka ukingoni mwa sahani. Kilikuwa kinang'aa.

"Kaka," alisema mdogo wangu, "leo umetupikia kilima."

Mama aliondoa sufuria, akawapa kuku, akatuletea uji.

Usiku ule nilielewa jambo ambalo kitabu cha jiografia hakikuandika. Makande mawili ukiyasugua yanang'oana punje. Itale la chini lina chembe kubwa, ndizo meno yake, zinashika mtama usikimbie. Ukiweka itale lingine juu yake, meno yanapigana na meno, na yanayong'oka yanaingia kwenye unga. Lile jeusi halikuwa na meno ya kung'oka. Lililika taratibu, bila kuacha mchanga, ndiyo maana tangu nizaliwe nilikuwa sijatafuna jiwe nyumbani kwetu.

Jumamosi, wiki moja kabla ya zamu yetu, alikuja shangazi, dada yake baba, ambaye jiwe lake lilikuwa zima na ulimi wake pia. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu.

"Wifi, nasikia jiwe lako limeanza shule."

"Karibu maji, wifi," alisema mama.

"Limefika darasa la ngapi? Maana la kwangu halijui hata kusoma, linasaga tu." Akacheka, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Njoo usagie kwangu, usione haya. Mtoto akivunja, mama anatembea."

Mama alimshukuru. Jioni nilimwona akipita na kapu la mtama kichwani kwenda kwa shangazi, na aliporudi unga ulikuwa robo tu ya kapu, maana shangazi alikuwa na la kusimulia kila jiwe liliposimama. Hapo nikaamua. Nilimwambia baba nakwenda ukweni kwake kuleta jiwe.

"Kwa nini?"

"Kwa lori."

"Sikuuliza kwa chombo gani. Shule je?"

"Mwalimu ameruhusu. Amesema ni ziara ya masomo." Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe. Baba akaniwekea viazi vya kuchemsha kwenye mfuko.

Jumapili baada ya misa nilidandia lori la chumvi lililokuwa linapitia Kagongwa na Kahama. Kwa matope ya msimu ule tulilisukuma zaidi ya tulivyolipanda. Jumatatu jioni nilibisha hodi kwa bibi mzaa mama, nimekuwa mweupe wa chumvi kuanzia nywele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa au umefukuzwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna. "Lile jiwe nilimtafutia mwaka mzima," alisema, akaingia ndani kunipikia. Nilikula kimya, jambo ambalo mjomba alisema ni dalili ya malaria.

Mjomba alikuwa mchimbaji. Yeye na wenzake watano walikuwa na duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, wakitafuta ule mshipa wa jiwe jeupe unaobeba dhahabu. Na jeupe hilo limelala ndani ya nini? Ndani ya jeusi. Asubuhi nilipofika pale nilikuta kilima cha mawe meusi waliyoyatupa, yale yale ya mama. Nikaanza kuchagua kama mtu aliyeingia dukani na mwenye duka hayupo.

"Bwana," mmoja alimwita mjomba, "mpwa wako anaokota takataka."

"Mwache," alisema mjomba kutoka shimoni. "Wao kwao hawana hata takataka."

Nilirudi kwa bibi na mawe matatu mazuri. Akachukua moja, akaligonga kwa jingine, akalitupa. La pili, akalitupa. La tatu hakuligonga hata kidogo.

"Haya wameyachoma moto na kuyapiga nyundo. Yana nyufa za ndani, yatakufa mwezi ujao. Jiwe la mkono halichimbwi. Linaokotwa mtoni, limeshapigwa na maji, lililotaka kuvunjika limevunjika zamani. Nenda. Jiwe zima ukiligonga linalia kama jembe. Lenye ufa linajibu kama kibuyu."

Nikashinda kijitoni, maji magotini, nikigonga mawe na kusikiliza kama daktari. Akina mama waliokuja kuchota maji walisimama kunitazama. Kwao mwanamume haonekani na jiwe la kusagia.

"Kijana, unaolewa wapi?" aliuliza mmoja.

"Tinde, mayu," nikamjibu, yaani mama kwa kilugha. "Wameniambia nije nalo mwenyewe, hawaamini mawe ya kununua."

Walicheka mpaka ndoo ikamwagika. Lakini yule aliyeuliza ndiye aliyenionyesha penye mkunjo wa mto, ambako maji hupunguza mbio na mawe hukaa. Nilipata pale, baada ya kukataa mengi kuliko nilivyowahi kukataa kitu chochote maishani. Lilikuwa jeusi, urefu wa kiganja kimoja na nusu, na nilipoligonga lililia.

Nilidhani nimemaliza. Bibi akaniambia hilo ni jiwe tu, bado halijawa na uso. Akanipa kipande cha jiwe jeupe kutoka kwa mjomba, cha ule mshipa, kisicho na dhahabu, nikadonoa nacho tumbo la jiwe taratibu mpaka likawa bapa. Kisha nikalisugua juu ya jiwe lake la chini kwa mchanga na maji, kisha kwa maji matupu, kisha kwa pumba. Pumba ya kwanza walikula kuku. Ya pili pia. Bibi alikuwa anatia kidole kwenye unga, anausugua kwenye meno ya mbele, aliyokuwa nayo mawili, anasema, "Bado." Viganja vyangu viliota malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine. Mjomba aliniambia niache, atanitafutia msichana amalizie. Nikamwambia msichana hakuwepo nilipokuwa navunja.

Jumatano asubuhi, baada ya kukesha, bibi alitia kidole, akasugua, akatikisa kichwa kukubali. Akaingia ndani, akatoka na mkeka mpya. Tulilifunga pamoja.

Lori la kurudi liliishiwa dizeli Kagongwa. Dereva akasema tulale hapo, labda Ijumaa, labda Jumatatu. Nikahesabu siku nikaona silali. Nilijitwika mkeka kichwani nikashika njia, na kila niliyekutana naye aliona kichwa cha mwanamume na mzigo wa bibi harusi. Maneno niliyoyasikia siwezi kuyaandika yote hapa. Karibu na Isaka alinipita mzee wa baiskeli akipeleka ngozi za ng'ombe, akanionea huruma. Kiti cha nyuma kilikuwa na nafasi moja. Tukakubaliana lipande jiwe. Mimi nikakimbia nyuma, nikishika ngozi moja isidondoke, na kila kwenye mteremko nilipiga kelele anisubiri, nikiogopa jiwe litafika Tinde kabla yangu na kueleza habari kwa namna yake. Tulilala kwa ndugu zake, alfajiri tukaendelea.

Alhamisi alasiri niliingia uani. Debe la mtama lilikuwa limejaa mlangoni, halijaguswa. Mama alikuwa anaweka kapu kichwani kwenda kwa shangazi. Akalishusha.

Sikutoa utani. Nilifungua mkeka, nikaliweka jiwe juu ya lile la babu, nikarudi nyuma hatua mbili. Mdogo wangu alikuja kusimama ubavuni kwangu.

Mama alipiga magoti. Aliligonga kwa kucha, akaligonga kwa ufunguo wa ghala, akainamisha sikio. Akaligeuza, akapitisha kiganja kwenye tumbo lake, kikasimama pale nilipokuwa nimelidonoa vibaya mwanzoni. Akachukua mtama wa konzi moja, akamimina, akasukuma. Sauti ilikuwa ile tuliyoizoea. Akasukuma tena, unga ukaanza kushuka kwa mbele, mweupe. Aliupokea kwenye vidole, akausugua, akauweka kwenye ulimi. Alifumba macho. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko unga unavyostahili kutafunwa, akitafuta punje.

Akainuka, akajipangusa magoti, akaniangalia viganja. Halafu mama akasema:

"Limezidi uzito upande wa kushoto, lakini mkono utalizoea. Debe ndilo lile. Piga magoti uanze, mimi nakwenda kumwambia shangazi yako kesho siji."